Kilo Kumi na Mbili

Bango nililiandika mwenyewe, kwa wino mwekundu,
nikalibandika ngazini, orofa ya pili, Bweni la Aswa, Gulu:

    Enyi ndugu wa bwenini, nawaomba jambo hili,
    Makombo yende shimoni, yasigusane na mali,
    Karatasi zi kapuni, kavu, safi, mbalimbali,
    Tuyatende kwa kujali, bweni letu lipendeze.

Nilihesabu mizani kwa vidole. Nikajipongeza.
Siku ya tatu nikalikuta limefungia chapati ya mayai,
na neno "kavu" limejichapa, kinyumenyume,
juu ya chakula cha Mudoola.

Jumamosi huja Adokorach na mizani yake ya ndoana.
Hununua karatasi kwa kilo, chupa kwa gunia,
akapakia kwenye baiskeli isiyo na breki
hadi kwa mwenye lori, barabara ya Kitgum.
Hasemi sana. Huzamisha mkono guniani mpaka kwapani
kama anayezalisha ng'ombe,
kisha huutoa, akaunusa.

"Kumi na mbili," alisema.
Nikatabasamu.
"Kumi na mbili za mchuzi."

Kikombe kimoja cha maharagwe, nusu hakikunywewa,
kimeshuka usiku kucha, ukurasa kwa ukurasa,
kikapita kwenye sheria za ardhi,
kwenye barua ya ada, kwenye gazeti la wiki jana,
na kila kilichogusa kikawa uji.
Mwenye lori hanunui uji.
"Nikimpelekea hili," alisema,
"atakataa na magunia ya wenzenu."

Nikaanza kuwalaumu: hawa wa mwaka wa kwanza,
hawa wa uhandisi, watu wasiosoma!
Adokorach alikuwa bado anapekua.
Akachomoa karatasi moja, inang'aa mafuta,
akaisoma taratibu, kama anayevuka mto kwa mawe:
O. Ki. Di.
Na namba yangu ya usajili chini yake.

Ripoti yangu ya maabara. Niliifutia kisu cha odii,
ufuta na karanga alivyonisagia mama,
usiku umeme umekatika,
nikanyoosha mkono gizani hadi pipa lililo karibu.
Mapipa yote matatu niliyajua, hata kwa vina.
Lile la makombo lilikuwa hatua nne mbele,
nami nilikuwa nimeshavua ndala.

Sikuandika bango jingine.
Jumapili nilimwomba aje. Tukalimwaga gunia zima
juu ya meza ya mpira wa meza.
Wakaziba pua, wakacheka,
kisha wakaacha kucheka, mmoja mmoja,
kila aliyeona chake.

Somo lake lilikuwa la masikio.
Alikunja karatasi kavu: ikalia.
Alikunja iliyolowa: kimya.
"Ikinyamaza, shimoni."
Mudoola akauliza gunia lile lingempa shilingi ngapi.
Akamtajia. Na Mudoola naye akanyamaza
kama karatasi mbichi.

Pipa la makombo tulilisogeza hadi mlangoni.

Jumamosi hii, kilo tisa.
Tisa tu, nikadhani tumerudi nyuma.
Adokorach akazamisha mkono, akautoa mkavu,
akaufutia gauni kwa mazoea,
akanilipa zote tisa.

Bado yupo anayetia maganda ya ndizi kwenye chupa;
namshuku wa chumba cha saba.
Na Agosti wataingia wapya, na masanduku yao ya bati,
na odii za mama zao.

Usiku naosha kisu bombani, maji ya baridi,
na kule mwisho wa ukumbi, asiyejua kuna mtu,
namsikia fulani akikunja karatasi
karibu na sikio.