Pasipo na Spika

Dukani kwa Tauno, Tampere, theluji ikiyeyuka viatuni,
Hilkka anaonyeshwa risiva: njia saba za sauti,
taa za buluu, tundu la televisheni,
rimoti ndefu kama mkono wa mtoto.
"Hii, mama, itakuzungushia helikopta sebuleni."
"Sina helikopta," ajibu. "Nina kanda moja."

Kanda ya kaka yake Urho akipiga fidla jikoni,
mwaka ule wa mgomo wa kiwanda cha karatasi.
Birika linachemka humo, kiti kinalialia,
naye anakosea, anacheka, anaanza upya.

Risiva kwanza.
Urho akatokea kila pembe, mkubwa kama kanisa,
kisogoni, miguuni, darini.
Jikoni lile lilikuwa na dari ya kugusa kwa kichwa!
Wingi si hoja, Hilkka akasema, zima.

Kisha amplifaya: bati la kijivu,
kitufe kimoja cha kuzungusha, zito kama gunia la viazi.
Spika mbili, basi.
Huku birika. Kule kiti.
Na katikati, penye hewa tupu na zulia lililochakaa,
mtu akavuta pumzi kabla ya kugusa uzi.

Hilkka alipatazama pale muda mrefu.
Akauliza bei. Imeipita ya risiva,
na vitufe vyenyewe havipo!
Akaguna. Akalipa nusu; nusu Ijumaa.

Wajukuu watalalamika kwamba filamu zinanong'ona.
Nao wajongee.