Geti la Chuno

Geti langu limekatika bawaba ya juu,
limelala upande kama mlevi aliyeegemea ukuta.
Geti la mwalimu wa kuchomelea!
Mtaa mzima wa Chuno unacheka, nami nacheka nao.
Mgongo wangu umekataa kuinama,
na macho, baada ya miaka ishirini ya cheche,
huona uzi mmoja nyuzi mbili.

Nikampigia simu mmoja. Wakaja watatu.

Nangomwa ni wa darasa la mwaka ule
bomba la gesi lilipokuwa bado linafukiwa.
Alimaliza mtihani Ijumaa, Jumatatu wakamfuata kwa gari:
buti mpya, kofia ngumu mpya,
elfu themanini kwa siku, na chakula juu yao.
Akamjengea mama yake choo cha vigae kule Nanguruwe.
Mwaka huo nilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja.

Habari ya elfu themanini ilikimbia kushinda basi la Newala.
Watu wakauza korosho kwa kangomba, mikorosho ikiwa maua,
wakauza mbuzi, wakauza bati la jiko,
wakapanga foleni dirisha la ada
na noti zinazonuka moshi.
Nikafundisha zamu ya asubuhi, zamu ya mchana, zamu ya taa.
Vyuo vikaota, kimoja nyuma ya sheli,
kingine juu ya duka la magodoro.
Tuliongeza viti. Bomba lilibaki lile lile.
Na vyeti nilisaini mimi. Mkono huu. Kalamu ya buluu.

Somoe Mnali, wa pili: mshono wake hulala
kama ukili wa bibi asiye na haraka.
Wa tatu Chilumba, kamaliza Novemba,
cheti chake bado kimo kwenye plastiki.

"Elfu arobaini, mwalimu," akasema Nangomwa.
Somoe akatazama viatu vyake. "Thelathini, na vijiti vyangu."
Chilumba hakumtazama mtu.
"Kumi na tano. Nipige na picha, niwe na kazi ya kuonyesha."

Hakuna aliyekasirika. Hilo ndilo lililoniuma:
walishushana bei kwa adabu,
kama watu wanaopishana mlangoni.

Nilitaka kusema, msishuke, shikeni bei moja.
Lakini huku kwetu mnada tunaujua.
Bei ikiwa mbaya wakulima hukataa,
korosho hubaki ghalani, zikangoja barua za wiki ijayo.
Fundi hana ghala.
Mkono hauingii guniani ukashonwa mdomo,
na tumbo halijawahi kukataa bei.

Wenye kampuni hawahitaji kufundishwa hilo.
Juzi waliita watu sita, wakafika mia nne.
Elfu themanini sasa ni kumi na mbili, buti uje nazo.
Ofisa wao alinishika mkono:
"Mwalimu, umetufanyia kazi kubwa."
Wala hakuwa akinitania.

Nikamchukua wa kumi na tano.
Ndiyo, mimi.
Nangomwa akaaga, akawasha pikipiki.
Somoe akabaki, akashika geti lisiyumbe
mpaka mshono ukapoa; hakuombwa, hakutaja bei.

Geti limesimama. Mshono hauna kasoro,
nilimfundisha mwenyewe.

Jumatatu tunafungua dirisha la ada.
Viti sitini.
Mkuu wa chuo anauliza kama kumi zaidi zitaenea.