Kikomo

Julai, Ballarat. Sakitu imelala juu ya vioo
na gari la Dympna limekata roho karibu na Buninyong:
giaboksi imesaga meno yake, ikayatema.
Aurelio fundi alifunga boneti, akafuta mikono kwa tambara,
kimya, kama daktari atokaye chumba cha upasuaji.

Sasa anataka mkopo.
Si mkubwa. Dola elfu kumi na nane,
Subaru ya kijani iliyotumika,
kiti cha nyuma kina alama za kucha za mbwa wa watu.
Kazi anayo: miaka kumi na tisa ya zamu ya usiku,
kuwageuza wazee vitandani, kuwapangusa,
kuitika wanapowaita mama zao saa tisa usiku.
Deni hana.
Narudia, maana mwenyewe alirudia mara tatu:
deni hana.

Ravneet wa mikopo ana umri wa kuwa bintiye.
“Kadi ngapi?”
“Tatu. Zote sifuri.”
“Na vikomo vyake?”

Hajawahi kuulizwa hilo.
Elfu kumi na mbili, ile ya benki, ya mashine ya kufulia.
Elfu sita, ile ya duka,
waliyoichukua Clarrie akiwa hai ili waende Hobart;
wakaenda, mvua ikanyesha siku zote nne,
wakarudi, wakalipa, yakaisha.
Elfu nne ilikuja yenyewe kwa posta, pamoja na hongera.

Ravneet anajumlisha. Ishirini na mbili elfu.
“Hatuhesabu unachodaiwa,” anasema,
kwa upole wa mtu aliyelisema hilo tangu asubuhi.
“Tunahesabu unachoweza kudaiwa.
Tuseme kesho umeamka, ukazitumia zote mpaka mwisho.
Mshahara huu utabakiza nini cha gari?”

Kesho umeamka.
Dympna anamtazama huyo Dympna wa kesho:
kofia ya manyoya, pete kila kidole,
meza ya kamari, elfu ishirini na mbili
zimeteketea kabla ya chakula cha mchana.
Huyo ndiye aliyekalia kiti chake hapa,
huyo ndiye anayelipa, kwenye karatasi, mamia kila mwezi
kwa vitu ambavyo bado havijanunuliwa.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa.
Hawakutuachia dawa ya deni lisilokuwepo.
Walisema pia ahadi ni deni,
na hapo walipatia kuliko walivyodhani:
benki ndiyo iliyoahidi,
Dympna ndiye anayedaiwa.

Kadi ya duka iko kwenye friza,
imegandishwa ndani ya kopo la aiskrimu.
Akaunti ya Dympna, hila ya Clarrie:
ukitamani upuuzi, ngoja kwanza barafu iyeyuke,
na tamaa itayeyuka nayo.
Miaka saba imelala humo, chini ya njegere.
Miaka saba ya kujizuia,
kompyuta ikaisoma kuwa miaka saba ya njaa.

Analiweka kopo kwenye sinki. Anapiga simu.
Muziki wa kusubiri, dakika arobaini na moja.
Kisha sauti changamfu:
kabla hujatuacha, Bi Hartigan, je, tukuongezee kikomo?
Anacheka mpaka paka anahama kiti.
“Hapana, mwanangu. Funga.”
“Naomba namba ya kadi.”
“Namba iko ndani ya barafu. Subiri kidogo.”

Basi wanasubiri wote wawili.
Barafu inapasuka kwa sauti ndogo, kama mtu akunjaye risiti.
Tarakimu nne zinajitokeza, halafu nne nyingine,
halafu, chini yake, si jina lake:
ile ilikuwa kadi ya ziada.
C. J. HARTIGAN.

“Bado upo, Bi Hartigan?”

Basi la zamu hupita saa tatu na dakika kumi.
Anapangusa maji kwa kidole gumba,
anasoma namba polepole.