Jemu Gani

Naendesha tramu namba kumi na mbili, mjini Łódź,
karakana hadi makaburini, makaburini hadi karakana,
na kiti changu kilianza kulalamika kabla yangu.
Jina langu Otylia. Kwa Kipolandi
halipishani sana na neno la mtu mnene;
watoto wa shule hawakuhangaika kutunga utani,
waliukuta umeshatungwa, kwenye rejista.

Daktari hakupandisha sauti.
Alilibonyeza goti kama mtu anayechagua parachichi,
akasema: hili halina vipuri.

Ndipo nikaipakua ile programu.
Inauliza maswali mawili tu:
Umekula nini? Kiasi gani?
Mama yangu aliuliza la kwanza, akaridhika.

Wiki ya kwanza nilidanganya.
Si uongo mkubwa; uongo wa vijiko.
Siagi niliyoramba kisuni sikuiandika,
maana kisu si sahani.
Alhamisi ile ya kabla ya Kwaresima,
mji mzima unapopanga foleni ya maandazi,
andazi langu, lenye jemu ya waridi ndani, niliandika tufaha.
Tufaha dogo, kalori hamsini.
Programu ikaniamini. Ikanizawadia
nyota ya kijani,
na sikumbuki kama niliwahi kuionea haya nyota.

Mizani ya bafuni haijui kusoma.
Nilipanda, ikasema lilelile.

Nikamwendea Ludomir, fundi wa breki,
mtu mpana, mchache wa maneno,
anayekula mkate wake akiwa wima, kama anauiba.
Tufunguliane madaftari, nikamwambia.
Uone langu, nione lako.
Alifuta mikono kwa muda mrefu, hata palipokwisha takata.
Sawa, akasema. Ila Jumapili nakula hovyo.

Tangu hapo nayajua ya kwake ambayo mke angeyajua.
Jumanne kabichi. Jumatano kabichi ileile.
Jumapili mayai manne, soseji, halafu kimya
mpaka saa mbili usiku, halafu soseji.
Sikumuuliza. Niliziangalia tu zile saa,
nikajua Jumapili yake ina urefu gani.

Mwezi wa kumi na moja, saa nane usiku,
nimesimama jikoni gizani, mlango wa friji ndio taa.
Kijiko kimoja. Cha pili.
Cha tatu kikiwa na mlima.
Simu iko mezani, kifudifudi.
Ningeweza kwenda kulala. Uongo wa vijiko
nilishausomea.
Nikaigeuza, nikaandika:
jemu, vijiko vitatu.
Nyota haikuwaka. Ulitokea mstari mwekundu,
mwembamba kuliko nilivyouogopa.

Kisha simu ikatetema.
Ludomir, ambaye angepaswa kuwa usingizini,
hakuuliza kwa nini. Hakuandika jikaze.
Aliandika: Jemu gani?

Nikawasha taa. Nikaketi.
Ya plamu, nikamjibu,
ya mti wa nyuma ya nyumba ya dada yangu,
mwaka ule ulipozaa mpaka tawi likakatika.
Tulichemsha siku mbili, madirisha yakatiririka jasho,
dada akiwa bado ana nywele zake.
Hii ni chupa ya mwisho kasoro moja.

Vitone vitatu vikacheza, vikaacha, vikacheza tena.
Basi iandike vizuri, akasema.
Andika: ya plamu.

Nikaandika.

Nimepungua kilo sita, na nusu nyingine
inayokuja na kuondoka kama mgeni asiye na ratiba.
Kiti bado kinalalamika, ila kwa sauti ya chini.
Ile chupa ya mwisho nilimwachia Ludomir,
juu ya sanduku la spana, bila barua.
Jioni nikafungua daftari lake:
jemu ya plamu, kijiko kimoja.

Kesho yake chupa ilirudi,
tupu, imeoshwa, imekaushwa hadi kifuniko.