Mkato wa Tatu

Mizinga yangu saba, mwaka huu,
nyegere alifungua sita kabla yangu.
Wa saba uliingiwa na siafu.
Niliupiga konzi, ukanijibu kama debe.

Ulikuwa mwezi wa sita, porini kusini ya Ipole,
baridi inauma masikio,
na ndoo mbili nyuma ya baiskeli
zikigongana tupu,
zikinisema njia nzima.

Ndipo mlembe akaja.
Unamjua: ndege mdogo, rangi ya vumbi, mdomo usiotulia.
Anaruka, anangoja, anageuka kuona kama unafuata.
Mlembe hana ubaya. Anachotaka ni nta yake.
Hajui kusoma alama za watu.

Nilimfuata nikipiga mluzi, kama baba alivyonifunza,
nikavuka mbuga, nikavuka majivu ya moto wa juzi,
hadi chini ya mtundu mkubwa
alipotua, akanyamaza.

Juu, mzinga.
Nyuki wamejazana mlangoni kama watu wa mnada,
gogo limeinamisha tawi kwa uzito.
Nilijua ni wa nani kabla sijauona vizuri.
Mikato mitatu na mwezi mchanga pembeni:
Kiyungi, mwana wa Lugusha,
aliyelazwa Kitete tangu Pasaka,
maji kwenye mapafu,
mkewe anauza kuku mmoja mmoja.

Nilikaa nikasubiri giza.
Nisiseme nilikuwa nafikiri; nilikuwa nahesabu.
Ndoo mbili. Lori la mnunuzi Jumamosi.
Ada ya Mwashi, sare ya Mwashi,
deni la Nyanzala dukani, ambalo anadhani silijui.
Na ule ulimi wa ndani, mtamu kuliko asali yenyewe:
atajua nani? Nyegere hana mdomo wa kukanusha.
Kisha: na akifa, je, si itaharibikia juu?
Kisha, kwa upole kabisa: wewe na Kiyungi ni ndugu,
na cha ndugu hakiibiwi, huchukuliwa.

Hilo la mwisho ndilo lililonipandisha mtini.

Kienge mkononi, moshi machoni,
kamba ya gome ikinikata kiuno,
nikafika. Nyuki wakarudi ndani wakinung'unika.
Nikapeleka mkono gizani kutafuta kifuniko,
vidole vikaangukia alama.

Mkato wa tatu umepinda.
Umepinda kwa sababu kisu kilikuwa na pengo,
na kisu kilikuwa changu.
Nilimwazima mwaka ule wa mvua nyingi,
nikamshikia gogo kwa magoti akichonga,
tukacheka alipokosea. Akasema, acha hivyo hivyo,
hata mwizi kipofu atajua ni wangu.

Sijui nilikaa muda gani kule juu.
Mguu ulikufa ganzi. Kienge kilizimika.
Nilipotoa mkono, tone lilikuwa limenishika kidole gumba,
limevuja kwenye ufa.
Nilitaka kukwambia nililifuta kwenye gome.
Nililamba.
Kisha nikashuka, na ndoo zikanisema njia nzima.

Jumamosi, siku ya lori, nilipanda basi kwenda Tabora.
Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.
"Mzinga wako wa kwenye mtundu umejaa," nilimwambia.
"Nipe ruhusa nikurinie."
Alinitazama, kifua kikipiga filimbi.
"Ulipanda?"
Nikasema, "Nilipanda."

Nje mtu alikuwa anafagia. Ufagio ulikwenda, ukarudi.
Kiyungi akavuta miguu pembeni, taratibu,
blanketi na vyote,
akaacha nafasi ya mtu kukaa.