Kwikwi

Injini yako ina kwikwi, Idwal.
Ukiipa umeme wote inateleza
kama mtu aliyeikariri hotuba yake,
lakini ukiirudisha chini kabisa, pale ambapo treni
huingia stesheni ikihesabu mataruma,
inashtuka, inasita, inaruka,
inashtuka.

Kasi ni sitara ya kasoro.
Nalijua hili kwa meno. Miaka thelathini na moja
nimechonga meno ya bandia katika chumba cha nyuma
cha kliniki ya Porthmadog,
na hakuna jino lililonishtaki mtu akitafuna upesi.
Ni pale anapofunga kinywa taratibu
ndipo hujua palipozidi
unene wa karatasi.

Wewe ulisema ni umeme.
Ukasugua reli kwa spiriti hadi chumba kikanuka hospitali,
ukasugua magurudumu, yote sita,
ukanunua kidhibiti kipya cha pauni tisini,
na kwikwi ikabaki pale pale
kama mgeni aliyemaliza chai na bado hajainuka.
Kisha ukanuna.
Jumatano ukaniletea injini ndani ya kisanduku cha viatu,
mvua ikikutiririka shingoni,
bila neno, kama mzazi anayemwacha mtoto bwenini.

Sikuwasha kitu.
Nilitoa mota nikailaza kwenye kitambaa,
nikaweka fremu juu ya ubao wa mkate
nikaisukuma kwa kidole kimoja.
Polepole. Polepole kuliko hivyo.
Magurudumu yakazunguka, fito za ubavuni zikapanda, zikashuka,
na pini ilipoelekea dirishani
kidole kikahisi kokoto isiyokuwepo.
Mzunguko wa pili: dirishani.
Wa tatu: dirishani.
Ingekuwa gia ingesumbua jino baada ya jino.
Mara moja kwa mzunguko, Idwal, ni fito.
Nikavua ya kushoto, kokoto ipo.
Nikairudisha, nikavua ya kulia,
na fremu ikaenda yenyewe hadi ukingoni mwa ubao,
nikaidaka kwa kiganja.

Wenzako wa klabu wangepanua kila tundu
hadi fito zilegee kama suruali ya kuazima.
Ni dawa, sikatai. Kilicholegea hakikwami.
Ila hugongagonga, na baada ya mwaka huchoka,
na mimi sikufundishwa kutibu jino kwa kung'oa taya.

Nilikuwa bado na ile karatasi ya buluu
tuliyokuwa tukimng'atisha mgonjwa.
Nikaisugua kwenye pini, nikafunga fito, nikazungusha,
nikafungua, nikachungulia kwa lenzi:
ndani ya tundu la katikati, upande wa nyuma,
doa la buluu, nusu ya punje ya ulezi.
Ulipotoboa, mkono wako uliteleza hapo.
Labda simu ililia. Labda ulikuwa na njaa.

Nikakwangua kidogo. Nikafunga. Nikasukuma.
Bado.
Nikakwangua pumzi moja tu ya shaba.
Mara ya sita sikumbuki kama nilipumua.
Kidole kilipita dirishani
na hakikukuta mtu.

Jana jioni ukumbini, meza zikiwa tayari kwa maonyesho,
ulipiga magoti, kidevu kwenye ukingo wa meza,
ukafungua umeme kiasi cha kuwasha aibu.
Ikaanza kwenda. Hata sikuona ilipoanza.
Taruma. Taruma. Taruma.
Mtoto wa Bethan aliuliza kama imeharibika.
Chai yangu ilipoa kabla haijafika kwenye daraja,
na wewe ulikuwa ukihema kwa kufuata fito,
ulimi nje kidogo, miaka sabini na mbili.

Ilipofika mwisho ulisimama, ukapangusa magoti,
ukaiangalia soketi ya ukutani kwa heshima.
"Umeme wa ukumbi huu," ukasema,
"ni msafi sana, Mererid."

Nikanywa chai yangu baridi.
Yote.