Ya Tano Baada ya Ya Pili

Theluji imeziba vioo, ghorofa ya saba, Łódź,
na Ziemowit, goti lake kwenye plasta,
amezipanga filamu sita mezani kama karata.
"Safari hii tunafuata namba," anasema,
"si ule wazimu wa baba."

Maiti wanatembea. Wanabisha mlango wa duka la dawa,
wanakokota miguu kama tulivyoikokota sisi
asubuhi ile ya Novemba, nyuma ya jeneza,
viatu vikinywa matope.
Ninatafuna tango la siki. Risasi zinalia.

Mwisho wa ya pili dereva wa lori anang'atwa.
Anajifungia ndani, anawasha taa zote,
anapiga honi wamjie yeye, wenzake wakimbie.
Mlipuko huo naujua. Sikuwahi kuulilia,

kwa sababu baba, kabla machozi hayajapata njia,
alikuwa ameshatia ya tano,
ile inayorudi nyuma, kabla ya tauni:
dereva yuleyule, kijana, anapiga mluzi
akiosha lori lake jipya.
"Mmeona? Yupo," baba alisema, akamenya chungwa.
Kisha akazima, tukalale.

Nina miaka arobaini na moja
na sijui ya tatu inasema nini.

Ziemowit ameishika, kidole kwenye tundu la diski.
Jalada lina namba ya wino mwekundu,
mkono wa baba, umeinama kushoto.
Redio ya jirani inakohoa ukutani.

Ndugu yangu haniangalii.
"Haya," anasema, "mrudishe huyo dereva wako,"
na kunisogezea ya tano.